Fimbo ya Kupimia Walio Hai

Upele si uchafu. Naanza na hilo kwa sababu neno "uchafu" nimelisikia kwa namna nyingi mno: limesemwa kwa mdomo, limesemwa kwa pua iliyokunjwa, limesemwa na mteja aliyeichomoa nguo yake kwenye cherehani yangu kwa ncha za vidole viwili. Mimi naoga. Nilikuwa naoga hata mwaka ule, asubuhi za Julai huku Titye ambapo maji ya ndoo yanauma kama yana meno. Watoto wangu walikuwa wanaoga. Na bado tulijikuna, nyumba nzima, kuanzia katikati ya vidole hadi kiunoni, tukilala tunajikuna na kuamka tunajikuna. Anayetaka kuniambia nilikuwa mchafu aje aniambie usoni, nami nitamweleza taratibu, na kabla sijamaliza ataanza kujikuna yeye.

Nilizaliwa Murungu, upande wa Kibondo, nikaolewa huku wilaya ya Kasulu. Kazi yangu ni ushonaji. Cherehani yangu inakaa kibarazani, na siku ya gulio naibeba hadi sokoni. Mume wangu miaka hiyo alikuwa mlinzi wa ghala kule kambi ya Nduta, akija nyumbani mara mojamoja. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, binti yangu aliyekuwa darasa la saba, mdogo wake ambaye hakuwa ameanza shule, na baba mkwe wangu, mjane, katika nyumba yake ndogo ambayo ukuta wake unapakana na jiko langu.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana asiyeelewa hili hataelewa lililobaki. Katika ukoo nilioolewa, mke wa mwana na baba mkwe hawasogeleani. Sikuwahi kumshika mkono. Sikukalia kigoda chake, sikuingia chumba chake cha kulala, sikutandika kitanda chake, na jina lake silitaji hata leo. Nikipika, chakula kinapelekwa na mtoto. Nikiwa na neno zito namwambia wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu aliyeolewa kijiji hikihiki, naye analifikisha. Sikulazimishwa. Niliona ni heshima, na mzee naye alinipa ya kwake: hakuwahi kukohoa karibu na mlango wangu bila kutangulia kuita mtoto, ili nijue anapita.

Na mjukuu mdogo analala na babu. Hilo nalo ni desturi, na kwa baridi yetu ni desturi yenye akili, kwa sababu mzee aliyefiwa na mke anahitaji mwili wa kumpa joto, na mtoto anapata hadithi. Kitindamimba wangu alihamia kwa babu yake mara tu alipoacha kukojoa kitandani. Nilifurahi. Nilipata nafasi ya kulala nimejinyoosha.

Upele ulimwanzia binti yangu, au tuseme ndivyo tulivyodhani. Alikuwa anajiandaa kwenda kambi. Si kambi ya wakimbizi, ni ile ya darasa la saba: miezi ya mwisho kabla ya mtihani watoto wanahamia shuleni na magodoro yao, wasichana darasa moja, wavulana jingine, wanasoma asubuhi na jioni, na wazazi wanachanga mahindi na maharage. Binti yangu alikuwa na kichwa. Nalisema bila kuona haya, kwa sababu kichwa hicho hakikutoka kwa upande wa baba yake peke yake. Nilikuwa nimemshonea sare mpya ya kwenda nayo, nikaacha upindo mpana wa kuteremsha akirefuka, nikijiambia kwamba sare hii itampeleka hadi sekondari.

Alikwenda asubuhi, akarudi siku ileile na godoro kichwani.

"Mwalimu amesema nirudi nikipona," alisema. Alikuwa ameficha mikono ndani ya sweta.

Nilikwenda shuleni mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, na mimi nikijiandaa huwa sirudi na deni. Lakini mwalimu yule alinionyesha darasa ambamo wasichana walikuwa wamepanga magodoro yao bega kwa bega, hata mahali pa kuweka mguu hapakuwapo. Akasema, "Mama, nikimwingiza mmoja, Jumatatu ninao wote." Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilitamani awe mjinga ili nimtukane.

Kibaya kingine kilikuwa kinasubiri nyumbani. Wifi yangu alikuwa ameshasikia. Alikuja, akakaa, akasalimia salamu zote za Kiha bila kuruka hata moja, habari za watoto, za ng'ombe, za shamba, mpaka nikajua kuna jambo. Kisha akasema kwamba kuna familia Kasulu mjini inatafuta binti wa kazi. Nyumba nzuri, bafu la ndani. Kwa kuwa shule imemkataa, akasema, na mtihani ni wa waliokaa kambi, kwa nini mtoto akae anajikuna bure? Binti yangu alikuwa anamenya muhogo karibu. Hakuinua macho. Baadaye aliniambia, "Mama, labda shangazi ana haki." Nilimpokonya kisu nikamenya mwenyewe, kwa hasira, nikatupa nusu ya muhogo pamoja na maganda. Mtoto wangu alikuwa ameanza kukubali. Hilo liliniogopesha kuliko upele wenyewe.

Basi nikaanza vita. Dawa ya kupaka nilipata zahanati, ile nyeupe kama maziwa yenye harufu inayopanda kichwani. Nesi alinieleza: kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, katikati ya vidole, chini ya kucha, msiache mahali, mlale nayo. Penye michubuko inachoma kama pilipili. Tulipakana mimi na watoto, tukarukaruka uwanjani kama wacheza ngoma, tukacheka mpaka machozi. Asubuhi nikachemsha nguo, nikachemsha mashuka, nikaanika blanketi juani. Siku chache tukalala kama watu. Binti akaanza tena kufungasha godoro. Kisha mdogo akaanza kujikuna kwapani, na baada yake dada yake, na baada yake mimi.

Nikapaka tena. Ukarudi tena. Wateja nao wakaanza kunikwepa. Jirani mmoja akanishauri ninunue dawa ya kuogeshea ng'ombe, eti inaua kila chenye miguu. Nikamwambia kwamba watoto wangu nao wana miguu.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja Mkongo, mchuuzi wa vitenge kutoka kambi ya Nyarugusu, aliyekuwa akiniletea nguo za kushona. Yeye hakunikwepa. Aliushika mkono wangu, akaugeuza kama anayekagua kitambaa, akacheka.

"Mama, hii ni gale," alisema, ndivyo wanavyouita upele kwao. "Haiko buchafu, usiogope. Kwetu kambini balitupaka batu bote siku moya, ata mupasteri. Ukiacha mutu moya, ni kama hukupaka mutu."

Nikamjibu kwamba nilipaka wote.

"Bote banaolala kwako?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini palepale nilisikia kichwani sauti ambayo nilikuwa naisikia kila asubuhi nikiwasha moto, nami siitilii maanani: kwaru, kwaru, kwaru, upande wa pili wa ukuta wa jiko. Baba mkwe wangu alikuwa na gunzi la mahindi aliloliweka kwenye tundu la ukuta, na kila alfajiri alijikuna nalo mgongo. Nilikuwa nimelizoea kama watu wanavyozoea jogoo. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema kila siku kuhusu ndugu na majirani. Siku ile methali ilikuwa haisemi mafumbo hata kidogo. Mtoto alikuwa anapakwa kwangu jioni, na baada ya siku mbili tatu ananilalamikia kwamba kwa babu kuna joto zaidi, nami namruhusu arudi kwenye blanketi lile.

Nilifuata njia. Nataka hilo lijulikane, maana baadaye ilisemwa kwamba sikufuata njia. Nilikwenda kwa wifi, nikapiga goti, nikasema kwa maneno ya pembeni kabisa kwamba pengine ngozi ya baba inamsumbua, na kwamba iko dawa.

Alisimama. "Unasema baba yangu ni mchafu?"

"Nasema ana upele. Hata mimi ninao. Mficha maradhi kilio humfichua."

"Kilio! Unamtakia baba kilio!" Akapiga makofi, akawaita wanawake waliokuwa kisimani waje washuhudie. Ujumbe ulifika kwa mzee, lakini ulifika umevaa nguo nyingine. Jibu lake lilikuja kupitia kwa mtoto: yeye hana upele, ni damu ya uzee, na hakuna mtu atakayemvua shati ampake maziwa kama ndama.

Nilipomwelewa vizuri, niliona hata angetaka isingewezekana. Nani angempaka mgongo? Mkewe amekufa. Mimi, hapana, afadhali nipasuke. Wifi alishasema baba yake hana kitu. Mume wangu nilimpigia simu Nduta, nikamweleza yote, akasema, "Baba ni baba. Vumilia kidogo." Nikamwambia upele hauvumilii, nikakata simu.

Kwa hiyo nikafanya nililoweza. Nilimtoa mtoto kwa babu yake.

Jioni ile nilimpelekea mzee chakula kama kawaida, ugali wa muhogo na maharage, kwa mkono wa binti. Sahani ilirudi imefunikwa, haijaguswa. Kesho yake vilevile. Alikuwa anakula kwa wifi. Kijiji kizima kiliona mzee akivuka uwanja na fimbo yake kwenda kula kwa binti yake wakati mkwe wake anapika. Huku kwetu hakuna tusi kubwa zaidi ya hilo, na mimi nililimeza kila siku. Mdogo alilia akimwita babu ukutani. Babu alimjibu kutoka upande wa pili, wakawa wanasimuliana hadithi kupitia udongo. Nililia pia, lakini mtoto sikumrudisha. Walionita katili, waliniita hivyo nikiwa na macho mekundu.

Siku ya dawa ilitangazwa na mwenyekiti wa kitongoji. Upele ulikuwa umesambaa kwa wengi, ingawa wengi walivaa mikono mirefu, na zahanati ilikuwa inaleta vidonge: vya upele vya kumeza, na pamoja navyo kile cha minyoo cha kutafuna. Nilipomsikia mwenyekiti akisema "vya kumeza" niliacha cherehani katikati ya mshono. Kumeza! Hakuna kuvua shati, hakuna mgongo, hakuna mkono wa mtu. Mzee anameza kidonge na heshima yake iko palepale. Nilimwambia binti aweke godoro tayari.

Tulikusanyika kwenye uwanja wa kanisa. Nesi alikuwa na meza, maji ya kunywa, na fimbo. Ilikuwa fimbo ndefu, imenyooka, imechorwa mistari ya rangi, na aliisimamisha kwenye ukuta wa kanisa. Mtu anavua viatu, anasimama, nesi anatazama kichwa kimefika rangi gani, na rangi ndiyo inayosema ameze vidonge vingapi. Mtoto asiyefika mstari wa kwanza hapewi vya upele, huyo atapakwa. Mizani, ambayo ingefanya kazi hiyohiyo, ilikuwa zahanati, nzito, haibebeki kwenye pikipiki. Mbele yetu walipimwa vijana wachache, wakitaniana nani mfupi.

Mzee alikuja. Alikaa juu ya kigoda chake na wazee wenzake, shingo imenyooka, mikono miwili juu ya bakora. Sikumtazama, lakini nilijua alipo, kama ninavyojua siku zote. Alipoitwa akainuka vizuri, akapiga hatua kuelekea mezani, kisha akaiona fimbo na kazi yake. Akasimama.

"Oya," alisema, yaani hapana. "Mimi si maiti."

Nesi alikuwa mgeni, wa Mwanza au huko, na alidhani anatania. Akacheka. Wazee hawakucheka. Huku, mtu akifa, wanaume wanakata ufito, wanamlaza nao sambamba, wanauvunja pale miguu inapoishia, na ule ufito ndio unaokwenda makaburini kuwaambia wachimbaji shimo liwe na urefu gani. Mtu mzima hapimwi kichwa hadi mguu ila siku hiyo. Mimi ni fundi, nimepima watu maisha yangu yote, na hata mimi sijawahi kumpima mtu kichwa hadi mguu: napima kiuno, napima bega, napima mguu, napima vipande. Nilipoiona ile fimbo ukutani, na mimi damu ilinisisimka. Nilikuwa nimesahau kabisa.

"Kila mtu anapimwa, babu," nesi alisema. "Bila kipimo siwezi kutoa dawa."

"Basi kaa nayo," alijibu, akageuka. Mzee mmoja akainuka akamfuata. Wa tatu akainuka. Wanawake wakaanza kuwavuta watoto wao kutoka kwenye mstari. Wifi yangu alisema kwa sauti, ili watu wote wasikie, kwamba yeye alijua tangu mwanzo dawa hii ina jambo. Nesi akashika kiuno. Na binti yangu, aliyekuwa amesimama karibu nami na viatu mkononi, akaanza kuvivaa tena, polepole, mguu mmoja kisha mwingine. Kile kitendo cha kuvaa viatu ndicho kilichonitoa akilini.

Nilitoka kwenye mstari, nikavua kandambili, nikasimama kwenye fimbo mbele ya wote.

"Nipime," nilimwambia nesi. Akanipima. "Nipime tena, hawajaona vizuri." Akanipima tena. "Haya, nimepimwa mara mbili. Kama fimbo hii inaua, ianze na mimi, na mnizike na gauni hili, nimelishona mwenyewe na halina deni."

Wengine wakacheka. Mzee alikuwa bado anakwenda. Ndipo nikafanya jambo ambalo wanawake wa kijiji bado wananikumbusha kila tukikosana. Niliita kwa sauti, mimi mwenyewe, bila wifi, bila mtoto:

"Baba!"

Nilipiga magoti kwenye vumbi, maana heshima sikuitupa, lakini mdomo sikuufunga.

"Baba, una upele. Nakusikia kila asubuhi. Mimi pia ninao, tazama mikono. Mjukuu wako amekataliwa kambi kwa sababu hiyo, na mwenye nyumba wa Kasulu anamsubiri akamwoshee vyombo. Hakuna aliye mchafu hapa. Lakini ukibaki wewe mmoja, tumebaki wote. Nimemaliza."

Nilisikia wifi akipiga makofi na kusema "Yooo!" Mtu mwingine akasema huyu arudishwe kwao Murungu leo hiihii. Sikuwa nimejuta, na hadi leo sijajuta hata neno moja.

Mzee alisimama akinipa mgongo, ule mgongo wenyewe. Kisha akageuka, si kwangu, kwa wazee wenzake, akauliza kama mtu anayeamua kesi ya mpaka wa shamba:

"Yemwe, mkazana anapima kaburi?"

Wazee wakatazamana. Yemwe ni enyi, na mkazana ni mke wa mwana, ni mimi. Mmoja akajibu, "Oya. Mkazana hakaribii hata maiti. Atapimaje?"

"Amewahi kupima?"

"Haijawahi kutokea."

"Basi," mzee alisema, "fimbo ikiwa mkononi mwake si ya kaburi. Apime yeye."

Kulikuwa na miiko miwili, wa fimbo na wa mkwe, na mzee alikuwa ameipima yote miwili, akaamua uvunjwe upi. Angeweza kuchagua kwenda nyumbani na gunzi lake, na hakuna ambaye angemlaumu. Alivua viatu mwenyewe. Alikwenda ukutani, akaegemeza kisigino, akafumba macho.

Nesi alininong'oneza niweke kiganja juu ya kichwa chake, kilale sawa, kisha nitazame rangi. Mkono wangu wenye upele, uliokuwa haujawahi kushika hata kikombe alichonywea, niliulaza juu ya mvi zake. Zilikuwa laini. Sijui nilitegemea nini. Kichwa kilikuwa na joto, na nilimwona mtu mzee aliyefumba macho kwa woga, kama watoto wanavyofanya kwa sindano. Nilimpenda ghafla, kwa hasira yangu yote.

"Mkazana," alisema bila kufumbua macho.

"Naam, baba."

"Usinifupishe."

"Sikufupishi, baba." Nikataja rangi kwa sauti. Nesi akahesabu vidonge.

Alivimeza vyote kwa maji. Kile cha minyoo alikitafuna, akauliza kwa nini wamemtilia sukari kama mtoto. Baada yake wazee walirudi mmoja mmoja, wakidai kila mmoja apimwe na mke wa mwanawe, kwa hiyo wanawake wakaanza kuitana kutoka majikoni, wakakimbia na unga mikononi. Nesi alisema hajawahi kuona kampeni ya namna hiyo. Mimi nilimwambia hajawahi kukaa na Waha.

Asubuhi iliyofuata nilikuta blanketi la mzee kwenye kizingiti cha jiko langu, limekunjwa. Sikuuliza nani kalileta. Nililichemsha pamoja na yetu. Mchana sahani yake ilirudi tupu, na mfupa wa samaki umetafunwa. Mdogo nilimpaka yeye peke yake, kwa kuwa hakufika mstari wa kwanza, na jambo hilo lilimuuma kuliko dawa. Duru ya pili ya vidonge ilipokuja, hakuna aliyehitaji kumpima mzee; nesi alikuwa anaikumbuka rangi yake. Kufikia hapo ukuta wa jiko ulikuwa kimya. Nilipowasha moto nilikuwa nasikia mzee anakoroma na mjukuu wake anakoroma naye.

Binti yangu alihamia kambi kwa kuchelewa, na godoro lililoanikwa mpaka likabadilika rangi. Alifanya mtihani pamoja na wenzake. Sasa yuko sekondari Kasulu, anakaa bweni. Familia ya bafu la ndani ilimpata mtu mwingine, na ninamwombea huyo mtu kila Jumapili.

Usidhani kijiji kilinipigia vigelegele. Mwaka mzima niliitwa "mpima mkwe". Wapo wanaovuka barabara wakiniona na futi ya kamba shingoni. Mzee na mimi tulirudi kwenye heshima yetu. Hakunigusa tena wala sikumgusa, alikohoa na kuita mtoto kabla ya kupita. Mara moja tu, kupitia kwa huyo mtoto, aliniletea gunzi. Alisema nikawashie moto.

Alifariki mvua za mwaka juzi, usingizini, mzee aliyeshiba siku. Kabla hata maturubai hayajafungwa, wifi alishasema mbele ya waombolezaji kwamba alijua, ni ile fimbo, fimbo haisahau. Nilikuwa nakoroga ugali wa watu wengi. Sikuacha mwiko.

"Basi ina mguu mzito hiyo fimbo," nilisema. "Imetembea miaka kutoka kanisani hadi hapa."

Wanaume walikata ufito wakaingia nao ndani. Mimi nilibaki jikoni, ninakopaswa kubaki, na nilisikia maji yakimiminwa upande wa pili wa ukuta walipokuwa wakimwosha. Walipomaliza, mmoja wao, mzee mwenzake aliyejibu swali siku ile, alikuja hadi mlangoni pa jiko. Hakuingia. Aliomba maji ya kunawa, akanawa taratibu, akanitazama.

"Mkazana," alisema, "tumemgeuza. Mgongo wake hauna hata alama moja."

Mimi mgongo huo sikuwahi kuuona, na sikutakiwa kuuona. Nilimshukuru, nikampa taulo, kisha nikageukia sufuria langu, na wifi akanyoosha mkono akanisaidia kulishika ukingo.